Iacheni Thika Road na jina lake, vichochoro vya Ruiru ndivyo havina

Tangu Rais mstaafu Mwai Kibaki afariki Aprili 2022, kuna wazo moja ambalo limekataa kufa: kwamba Thika Superhighway ibadilishwe jina, ipewe lake. Huja na kwenda. Mtu analitaja mazishini au mkutanoni, sisi tunalipigia kelele mtandaoni siku tatu, kisha linazimika kama stima ya mtaani mvua ikianza kunyesha. Litarudi tena, usiwe na shaka, maana uchaguzi haukosi.

Mimi nasema liachwe. Na kabla wasee wa Othaya hawajanirukia, nikiri kwamba mzee alifanya kazi. Alizindua barabara hiyo Novemba 9, 2012, karibu kilomita 50 za lami, kwa gharama ya zaidi ya Sh30 bilioni. Kama ulizaliwa baada ya 2005 huenda hukumbuki ilivyokuwa awali, lakini muulize mtu yeyote aliyekuwa akifanya kazi tao na kulala Thika miaka hiyo. Atakusimulia kuhusu kuamka saa kumi alfajiri, na kuhusu raundabauti ya Githurai ambapo mtu aliweza kumaliza gazeti lote, pamoja na matangazo ya vifo, kabla matatu haijasonga. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu uko hapa: kati ya barabara zote za Kaunti ya Kiambu, wanataka kuipa jina ile moja ambayo tayari inalo, na linalojulikana na kila mtu kuanzia mtoto wa nasari hadi Mchina aliyeijenga. Wakati huohuo maelfu ya watu wa Ruiru na Thika wanaishi kwenye njia ambazo hazijawahi kuitwa chochote.

Hebu panda 237 kutoka tao na usikilize makanga anavyoita steji. Survey, kwa sababu makao ya wapima ardhi wa serikali yako hapo. Allsops, kwa sababu ya kampuni ya bia iliyokuwa Ruaraka enzi za mkoloni; kampuni ilimezwa zamani, jina likabaki. Githurai 45, mtaa mzima unaotambulika kwa nambari ya matatu, na ng'ambo yake Githurai 44, kwa sababu mathree za upande ule zilibeba nambari nyingine. Toll, pale kati ya Ruiru na Juja, ambapo madereva walikuwa wakisimamishwa kulipa ushuru wa barabara. Ushuru ulihamia kwenye bei ya mafuta miaka ya 90, kituo kikafungwa, jina halijaenda popote.

Ukifika Thika kuna Landless, jina linalokuambia waziwazi kwamba mtaa ulitajwa kwa watu wasiokuwa na ardhi. Kuna Kiandutu, ambayo kwa Kikuyu ni mahali pa funza. Hakuna MCA aliyewahi kusimama kutoa hoja kwamba mtaa uitwe Funza. Watu waliishi hapo, wakaona walichokiona, wakaita walivyoita. Hata Kamakis, ambako nusu ya mshahara wa vijana wa Thika Road huishia wikendi, haikungoja tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali.

Linganisha na majina ya kutoka juu. Fanya safari ileile: unatoka Kenyatta Avenue, unapita Kenyatta University, ukivuka Ruiru unaona kona ya Kenyatta Road, unafika Juja kwenye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, unamalizia Thika kwenye Kenyatta Highway. Mgeni akipotea katika safari hiyo utamlaumu kweli?

Naelewa kilichofanyika baada ya uhuru. Delamere Avenue iligeuka Kenyatta Avenue, Victoria Street ikawa Tom Mboya, Hardinge Street ikawa Kimathi, na baadaye Government Road ikawa Moi Avenue. Mkoloni alikuwa ameandika jina lake kila kona na ilibidi afutwe. Lakini Thika Road haikuandikwa na mkoloni yeyote anayetaka kukumbukwa. Ni barabara ya kwenda Thika. Inakuambia unakokwenda, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya jina la barabara.

Halafu kuna lile la jina kukataa kushika. Barabara ya Accra pale Nairobi ilipewa jina la Kenneth Matiba, mtu aliyewekwa kizuizini Julai 1990 kwa kudai vyama vingi na akatoka humo afya yake ikiwa imevunjika. Ni heshima inayomfaa kabisa. Lakini mwambie mtu mkutane "Kenneth Matiba Road" uone kama hatakupigia simu mara nne akiuliza uko wapi. Mbagathi Way ilipewa jina la Raila Odinga akiwa bado hai, na licha ya mapenzi yote ambayo watu walikuwa nayo kwa Baba, abiria bado wanashukia Mbagathi.

Na hakuna aliyesahau sinema ya Kileleshwa. Mei 2021, barabara iliyojulikana kama Dik Dik Gardens iliamka ikiwa na bango jipya: Francis Atwoli Road, jina la katibu mkuu wa COTU. Bango likaangushwa. Likarudishwa. Likatiwa moto. Sisi tulicheka kwa memes wiki nzima, ila tukiacha utani, wale waliolichoma walikuwa wakisema jambo ambalo hawakupewa nafasi ya kulisema kwingine. Hawakuulizwa. Siungi mkono kuchoma mali ya umma, lakini nashangaa viongozi waliotazama bango hilo likiungua na somo pekee waliloondoka nalo ni kwamba lijalo liwekwe kwa zege zaidi.

Kuna moja lililonifurahisha, niseme ukweli. Forest Road, ile inayokutana na Thika Road pale Pangani, sasa ni Wangari Maathai. Mwanamke aliyepigania Msitu wa Karura akapewa barabara iliyokuwa ikiitwa Msitu. Aliyechagua alikaa chini akafikiria.

Tena kama taifa tulishaamua jambo kuhusu kubandika watu kila mahali. Katiba ya 2010, Kifungu cha 231, inasema noti na sarafu zetu zisiwe na picha ya mtu yeyote. Tulichoka na kila rais kuingia mfukoni mwetu pamoja na chenji. Sarafu mpya zikaja Desemba 2018 zikiwa na wanyama, noti zikafuata Juni 2019. (Ndiyo, kwenye noti kuna KICC na mbele yake ile sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta. Alitolewa mlangoni akarudi kupitia dirishani. Watu walienda hadi mahakamani na wakashindwa.) Kibaki mwenyewe, alipoingia madarakani, ndiye aliyesema sura yake isiwekwe kwenye noti. Baadaye ilitoka ile sarafu ya Sh40 ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru yenye sura yake, lakini kwa jumla hakuwa mtu wa kutafuta mabango. Tayari ana hospitali Othaya. Dar es Salaam ina Mwai Kibaki Road, iliyokuwa Old Bagamoyo Road. Hatasahaulika kwa sababu makanga anaita "Thika, Thika, wawili wa haraka".

Sasa twende Ruiru, maana huko ndiko kuna shida yenyewe.

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 Ruiru. Ya 2019 ikahesabu 490,120. Ndani ya miaka kumi mji uliongezeka maradufu, ukiwa mkubwa kwa mbali kuliko Thika yenyewe, iliyokuwa na watu 251,407. Mashamba ya kahawa yalikatwa ploti, ploti zikauzwa, nyumba zikapanda hadi ghorofa ya tano na ya sita. Mwenye ploti alikumbuka geti, akakumbuka tangi la maji, akakumbuka ankara ya takataka. Jina la njia inayopita mbele ya geti halikuwa kazi ya mtu yeyote.

Matokeo unayajua. Umeagiza chakula. Unamwambia mwenda boda: shuka steji ya Kimbo, fuata lami mpaka iishe, kata kushoto penye duka la M-Pesa, pita kanisa la mabati, kichochoro cha tatu, geti nyeusi. Kuna geti nyeusi kumi na moja. Unatuma lokeshoni, simu inamwambia upo katikati ya shamba la sukuma wiki la mtu. Mwishowe unatoka na slipa kwenda kumngoja barabarani, na yeye anakuongezea hamsini kwa usumbufu. Ana haki, mafuta yake yameisha akizunguka.

Chakula kikichelewa kinapoa tu. Weka ambulensi mahali pa boda. Mwaka jana jirani yangu alishikwa na uchungu saa nane usiku. Mumewe alieleza njia kwa simu mara tatu, kisha akakimbia hadi kwenye lami na kusimama huko akipunga tochi ya simu ili dereva amuone, huku mkewe amebaki nyumbani na mamangu. Mtoto alizaliwa salama na sasa anatambaa. Lakini dakika zile ishirini na kitu hazikupotea kwa sababu ya foleni wala mashimo. Zilipotea kwa sababu hakuna neno ambalo mtu angeweza kulitamka kwenye simu, na mtu mwingine akalisikia na kujua ni wapi. Na moto ukizuka kwenye ghorofa ya nne, unapigia watu wa zima moto unawaambia nini? "Geti nyeusi"?

Kuna mambo madogo pia. Fomu ya benki inakuuliza mtaa na nambari ya nyumba, unaandika sanduku la posta la shule uliyomaliza miaka sita iliyopita, au la mjomba Murang'a. Ukiomba kazi na anwani yako ni maelezo ya jinsi ya kufika kwa mama mboga, unaonekana kama mtu asiye na makao. Mpango wa anwani za kitaifa umezungumzwa tangu nikiwa shule ya msingi.

Thika mjini kidogo kuna nafuu kwa sababu ni mji wa zamani, una Uhuru Street, una Commercial Street, una Kwame Nkrumah. Hata hivyo nina swali kwa wenzangu wa Thika. Mnapita General Kago Road kila siku. Mnaenda Level 5 hapo, mnaenda benki hapo. General Kago ni nani? Nimewauliza vijana sita, mmoja akasema ni jenerali wa KDF. Kago alikuwa kamanda wa Mau Mau upande wa Murang'a, aliyeogopwa sana na Waingereza, akauawa 1954. Mtu aliyekufa akiwa msituni ili mimi na wewe tumiliki hizo ploti amegeuka kuwa maelekezo ya kwenda hospitali. Bango lina jina lake tu, bila hata mstari mmoja chini yake. Kwa hivyo hata pale tulipokumbuka, tulikumbuka nusu.

Wamarekani wana tabia ambayo mwanzoni ilinichekesha. Mabunge ya majimbo yao hupitisha sheria au maazimio ya kutaja kipande kimoja cha barabara, au daraja moja dogo, kwa jina la mtu mmoja, mara nyingi askari aliyefia kazini au mwanajeshi wa kijijini hapo ambaye hakurudi kutoka vitani. Hoja inasomwa bungeni, familia inakaa pale juu ikisikiliza, historia ya mtu huyo inaandikwa ndani ya azimio lenyewe. California mara nyingi azimio husema pia kwamba pesa za bango zisitoke kwa serikali, zichangwe na wanaolitaka. Ukiniuliza, hicho kipengele peke yake kingemaliza nusu ya mabango tunayoyaona hapa. Mtu akitaka barabara ya rafiki yake, atoe mfukoni.

Kitu kingine wanachofanya kwa sheria ni namba pleti za pekee. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka Januari 28, 1986 na kuua watu saba, jimbo la Florida lilianza mwaka uliofuata kuuza pleti za kumbukumbu yao. Unalipa zaidi kidogo ya pleti ya kawaida, ile ziada inaenda kwa kazi iliyotajwa ndani ya sheria, na ikasaidia kujenga mnara wa kumbukumbu kule kituo cha Kennedy. Leo Florida ina aina zaidi ya 100 za pleti hizo, za vyuo, za wanyama, za utafiti wa magonjwa. Si zote za maana, nyingine ni za timu za mpira tu. Lakini sheria inasema wazi kila shilingi inaenda wapi.

Hapa kwetu pia ukiwa na pesa unaweza kujichagulia herufi za gari. Tunawaona, gari limeandikwa jina la mwenyewe utadhani atalisahau. Ada inaingia serikalini, habari inaishia hapo. Wala tusiambiwe pleti ni kitu kigumu kubadilisha. Agosti 2022 serikali ilizindua pleti za kizazi kipya, kuanzia KDK, zenye bendera na alama za usalama. Machi 2024 rasimu ya sera ya magari ya umeme ikapendekeza pleti za kijani. Wakitaka, wanaweza.

Na pleti zenyewe zinatengenezewa wapi? Kamiti. Gereza hilo liko umbali mfupi kutoka Ruiru, unafuata barabara ya Kamiti. Kila gari unaloliona Thika Road, kuanzia probox ya miraa hadi V8 ya mheshimiwa, limebeba kibao kilichopita mikononi mwa wafungwa wa Kamiti. Ni mojawapo ya viwanda vya eneo letu ambavyo hakuna anayevitaja.

Kamiti hiyohiyo ndiko Dedan Kimathi alikonyongwa Februari 18, 1957. Akazikwa humo ndani, kaburi lisilo na alama. Tangu hapo tumempa Kimathi barabara katikati ya Nairobi. Tumempa sanamu, iliyozinduliwa 2007, miaka hamsini baada ya kunyongwa. Tumempa chuo kikuu Nyeri. Mkewe, Mukami Kimathi, aliomba maisha yake yote kitu kimoja, mifupa ya mumewe aizike. Alifariki Mei 2023 bila kuipata. Viongozi walimsalimia, walipiga naye picha, na wengi wao walipita kwenye barabara ya mumewe wakienda kazini.

Hili ndilo linalonifanya nisite kila nikisikia mwanasiasa akisema "tutamuenzi kwa kumpa barabara". Jina ndiyo heshima rahisi kuliko zote. Haina bajeti, haina tarehe ya kukamilika, na hakuna mkaguzi wa hesabu atakayeuliza. Familia ya Kimathi ingebadilishana ile barabara kwa kaburi kesho asubuhi.

Basi ningependekeza nini badala yake? Kwanza jina lolote lije na kazi. Tuseme bunge lipitishe sheria ya pleti ya Thika Road, ya kuwakumbuka waliofia barabarani humo. Tangu 2021 zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka kwenye barabara za nchi hii, na kundi kubwa zaidi ni watembea kwa miguu. Thika Road imechukua sehemu yake, na wengi ni watu waliokuwa wakivuka tu kwenda upande wa pili wa mtaa wao, kwa sababu daraja la miguu liko mbali au kuna giza na ngeta. Hiyo pleti iongezwe Sh10,000 juu ya bei ya kawaida. Wakiinunua watu 5,000 tu, na Thika Road ina watu wenye magari na majivuno ya kutosha, hizo ni Sh50 milioni. Taa za madaraja ya miguu kutoka Githurai hadi Juja zitawaka. Sheria iseme pesa haziguswi kwa kazi nyingine, na wafungwa wanaozitengeneza walipwe kitu cha maana.

Nitaambiwa hiyo ni ndoto, pesa zitaliwa. Huenda. Lakini pesa za pleti zilizoandikwa ndani ya sheria zinaweza kuulizwa na mtu yeyote mahakamani. Bango la chuma lenye jina la mheshimiwa halina mtu wa kuliulizia, na pale Thika Road, ambako hata vyuma vya kando ya barabara vimewahi kung'olewa, usiku mmoja unatosha kulifikisha kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu.

Pili, tuanze na zisizo na majina. Kaunti ina mamlaka juu ya barabara zake, na Ruiru na Thika zote mbili ni manispaa zenye bodi zao. Hapa ndipo vijana tunaweza kuacha kulalamika. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti, na bunge hilo halina budi kulishughulikia. Huhitaji kuwa na chama wala kumjua MCA. Unahitaji wakazi wa kichochoro kimoja wakubaliane kuhusu neno moja.

Wakubaliane, hapo ndipo penye kazi. Kwetu tulijaribu, kwenye WhatsApp ya mtaa. Ndani ya saa moja kulikuwa na majina 23, likiwemo la mwenye nyumba mmoja aliyejipendekeza mwenyewe. Mzee mmoja akaandika, "Vijana, mtu hajichimbii kaburi." Alikuwa akisema tusitumie jina la mtu aliye hai, na naona huo uwe msimamo: asubiri kwanza afe, na hata akifa tungoje miaka mitano machozi yakauke ndipo tuamue. Wanasiasa hasa.

Mimi napendelea majina yanayotokana na ardhi yenyewe. Pale Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa, na aina ya kahawa iliyozalishwa hapo miaka ya 80, Ruiru 11, inajulikana na wakulima hadi nje ya Kenya. Mji wenyewe hauna hata kichochoro kinachoitwa hivyo. Barabara Ruiru 11, kwa nini isiwe? Ningependa pia kuona jina la Muthoni Nyanjiru. Harry Thuku alikamatwa Machi 1922, na huyo mama ndiye aliyewachochea wanaume waliokuwa wakisitasita nje ya kituo cha polisi, akapigwa risasi pamoja na wengine. Thuku ana barabara yake Nairobi, kando ya chuo kikuu. Ruiru imejaa wasichana wanaoamka alfajiri kwenda kuhangaika tao. Wacha warudi jioni kwenye barabara ya Nyanjiru, na chini ya jina pawe na mstari mmoja wa kueleza alikuwa nani, ili yasimpate ya Kago.

Na kuna vijana waliouawa kwenye maandamano ya Juni 2024. Githurai bado inakumbuka usiku wa Juni 25 na milio ya risasi. Sitawataja hapa, wana wazazi, na wazazi ndio wa kuamua kama jina la mtoto wao liwe kwenye bango. Lakini wakikubali, nitapanga foleni kutia saini, hata kama itanibidi kungoja ile miaka mitano niliyoitetea hapo juu.

Kwetu yamebaki majina mawili, Ruiru 11 na la mama mmoja marehemu aliyeuza uji kwenye kona hiyo kabla lami haijafika. Upande wa uji unaongoza. Jumapili saa nane tunapiga kura ya mwisho, kisha karani wa bunge la kaunti pale Kiambu atapokea karatasi yetu yenye saini za nyumba 41.